Afya ya Wanafunzi na Wajibu Wetu: Somo Kutoka Uwanda wa Ufipa

Ndugu msomaji, huenda utashangaa kukuta katika gazeti la dini somo juu ya uji, sabuni na vyoo vya shule. Watu wengi wamezoea kudhani ya kuwa dini ni habari za roho peke yake, na kwamba mambo ya mwili yaachiwe mganga. Lakini fikiri kidogo. Mtoto aendaye shule na tumbo tupu hasikii afundishwacho, kiwe ni hesabu au ni Kurani Tukufu. Mtoto mwenye minyoo husinzia mbele ya kila mwalimu. Mwili ndio chombo ambacho kwacho tunasoma, tunafanya kazi na kusali, na chombo hicho si chetu, bali ni amana tuliyopewa na Mwenyezi Mungu. Aliyepewa amana ataulizwa jinsi alivyoitunza. Na mzazi ataulizwa juu ya amana ya mtoto wake, ambaye bado hawezi kujitunza mwenyewe.

Basi katika somo hili tutatazama afya ya wanafunzi, na mfano wetu tutauchukua katika uwanda wa Ufipa, katika sehemu kama Msanzi, wilayani Kalambo, mkoani Rukwa. Mfano huu tumeuchagua kwa sababu maalumu. Mahali penye njaa ya ukame kila mtu aelewa kwa nini watoto ni dhaifu. Ufipa jambo hili ni fumbo, na anayelifumbua fumbo la Ufipa atakuwa ameelewa afya ya wanafunzi popote pale.

1. Nchi ya nafaka na watoto waliodumaa

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maziwa hayo yapo kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, na mji wa Sumbawanga upo kwenye mita 1,800 hivi. Mvua hunyesha kwa msimu ujulikanao, na ardhi hutoa mahindi, maharage, ulezi, ngano, alizeti na karanga. Kwa miaka mingi Rukwa imehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa inayolisha taifa. Malori hupanda Ufipa matupu na hushuka yakiwa yamejaa magunia.

Sasa sikiliza upande wa pili. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika Tanzania nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa chini ya kile kinachostahili umri wao. Katika mkoa wa Rukwa walikuwa karibu 50 katika kila 100. Mikoa miwili tu iliipita Rukwa, nayo ni Iringa na Njombe, ambayo nayo inasifika kwa mazao. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa umekuta watoto 56 katika kila 100 mkoani Rukwa. Hivyo hali imekuwa nafuu, lakini bado nusu ya watoto hawakui kama wanavyostahili, ilhali maghala yamejaa.

Wako wasemao, "Sisi ni wafupi kwa asili." Neno hili lilichunguzwa. Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa nchi sita, ambazo ni Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliolelewa vizuri na kunyonyeshwa inavyotakiwa, na mwaka 2006 likatoa vipimo vya ukuaji. Ilionekana ya kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano, awe mweusi au mweupe, akitunzwa sawasawa hukua karibu sawa na wenzake. Basi udumavu si kabila wala si urithi wa damu. Ni matokeo ya malezi, chakula na magonjwa.

Na sababu zake Ufipa zajulikana. Kwanza, chakula kingi si chakula kamili. Ugali wa mahindi yaliyokobolewa hushibisha tumbo, lakini peke yake haujengi damu wala mifupa. Pili, mama anapokuwa shambani tangu alfajiri hadi jioni, mtoto mchanga huachiwa dada yake mdogo na uji mwepesi. Tatu, mazao yakiuzwa yote kwa pupa wakati wa mavuno, miezi ya kilimo hukuta nyumba haina kitu. Nne, magonjwa ya kuhara na minyoo hunyang'anya hata kile kidogo kilicholiwa.

2. Kwa nini shule?

Utauliza: ikiwa kudumaa huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza, shule yaingiaje? Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, nawe tafadhali ulisome kwa makini.

Mtazame msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeketi darasani. Mwili wake unakua kwa kasi kuliko wakati wowote tangu alipokuwa mchanga. Ameanza au yu karibu kuanza hedhi, na kila mwezi atapoteza damu. Akila ugali na mboga kidogo tu, damu yake hupungua. Huchoka, moyo humwenda mbio anapopanda kilima, na masomo humshinda. Watu husema ni mvivu. Baada ya miaka michache msichana huyo ataolewa. Mama aliyeingia katika uzazi akiwa na damu haba na mwili usiokomaa yu katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Na mtoto aliyezaliwa mdogo ndiye huyo atakayehesabiwa kesho miongoni mwa waliodumaa. Hivyo udhaifu hurithishwa toka mama hata mtoto kama deni lisilolipwa.

Mnyororo huu waweza kukatwa mahali pengi, lakini shule ni mahali pamoja ambapo watoto wote wa kijiji, wa mwenye nacho na wa asiye nacho, hukusanyika kila siku mbele ya mtu mzima aliyesoma. Hakuna zahanati iwezayo kuwaona watoto mara nyingi kiasi hicho.

3. Hesabu ya debe

Mtoto wa kijijini huamka mapema, hufanya kazi za nyumbani, kisha hutembea kwenda shule, wengine mwendo wa saa nzima. Wengi hawali kitu asubuhi. Kufikia saa nne macho yako ubaoni lakini akili iko jikoni. Kufikia saa saba wengine wamekwisha toroka.

Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi kuanzia Januari 2016, wazazi wengi walifahamu ya kuwa hawana tena la kutoa. Hawakufahamu sawasawa. Chakula cha mtoto wa kutwa, sare zake na matibabu yake vilibaki kuwa wajibu wa mzazi. Tena mwaka 2021 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kitaifa juu ya huduma ya chakula na lishe shuleni, ambao unawataka wazazi, walimu na uongozi wa kijiji wakae pamoja na kupanga.

Wengi huogopa jambo hili kwa kuwa hawajalipigia hesabu. Basi na tuipige. Shule hufunguliwa siku 194 kwa mwaka. Tuseme kila mwanafunzi apate kikombe cha uji uliopikwa kwa gramu 50 za unga. Zidisha 50 kwa 194: utapata gramu 9,700, yaani kilo 9.7. Debe la mahindi lina kilo 18 hadi 20. Hivyo uji wa mtoto mmoja kwa mwaka mzima ni nusu debe!

Na ikiwa wazazi wataka mtoto apate makande mchana, tuseme gramu 100 za mahindi na gramu 40 za maharage kila siku. Kwa siku 194 ni kilo 19.4 za mahindi na kilo 7.8 za maharage, yaani debe moja la mahindi na chini ya nusu debe ya maharage. Kwa shule ya wanafunzi 400, iwe Msanzi au popote, hayo ni magunia 78 ya mahindi na magunia 31 ya maharage ya kilo mia mia. Magunia hayo yakitakiwa kwa mtu mmoja ni mzigo wa kuvunja mgongo. Yakigawanywa kwa wazazi wote ni debe na nusu kwa kila mtoto, katika nchi ambayo mkulima hupeleka sokoni gunia baada ya gunia. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mzazi asiye na kitu, kama mjane au mzee anayelea yatima, kamati ya shule impangie kazi ayawezayo, kama kuleta kuni au kuchota maji; na akiwa hata hayo hayawezi, jamaa wamchukulie sehemu yake. Mtoto asinyimwe sahani kwa sababu ya umaskini wa mzazi wake. Mtoto anayewatazama wenzake wakila hupata jeraha lisiloonekana, nalo huchelewa kupona.

Shamba la shule nalo lisisahauliwe. Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe pia mahali pa kuzalisha. Baadaye katika shule nyingi shamba liligeuka kuwa adhabu, na mavuno hayakuonekana kwa wanafunzi. Shamba ambalo watoto wanajua ya kuwa maharage yake watayala wao wenyewe hulimwa kwa moyo mwingine kabisa.

Jambo moja la tahadhari: mahindi ya shule yakaushwe barabara, yawekwe juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kwa hiyo mahindi yaliyooza yasiletwe shuleni kwa kisingizio cha kuwa ni mchango.

4. Chungu kiwe na nini ndani yake

Wazee wa Ufipa walikuwa na hekima ambayo yafaa tuikumbuke. Walifukia majani chini ya matuta ya mviringo, wakapanda maharage au kunde juu yake. Msimu uliofuata matuta yakasambazwa na ulezi ukapandwa. Majani yaliyooza yalirutubisha ardhi, na mikunde ikaiongezea nguvu. Lakini ulezi na maharage si dawa ya ardhi tu. Ulezi una chokaa ya mifupa kwa wingi kuliko mahindi, na maharage yana protini na chuma cha kujenga damu. Protini ya nafaka ina upungufu ambao maharage hukamilisha, na upungufu wa maharage hukamilishwa na nafaka. Ndiyo maana makande ni chakula bora kuliko sahani ya ugali mtupu, hata kama ugali huo ni mkubwa kama kichuguu.

Basi chungu cha shule kifuate kanuni hii: nafaka, mikunde, mboga ya majani, mafuta kidogo, na tunda inapowezekana. Unga wa uji uchanganywe ulezi na mahindi yasiyokobolewa, na karanga zilizosagwa. Dagaa kutoka Ziwa Tanganyika hufika Sumbawanga na Matai. Konzi chache zilizosagwa katika mboga huongeza nguvu yake. Maharage yalowekwe usiku kucha, yataiva upesi na kuni zitapungua. Pera au chungwa baada ya chakula husaidia mwili kupokea chuma kilicho katika maharage. Chai ya rangi, kinyume chake, hukizuia, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula.

Usisahau chumvi. Katika nchi za milimani mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka katika udongo, na zamani rovu la shingoni lilionekana kwa wingi katika nyanda za juu za kusini. Rovu ni ishara ya nje tu. Mama mjamzito akikosa madini joto kabisa, ubongo wa mtoto wake huweza kuathirika kabla hajazaliwa. Tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula itiwe madini joto. Basi shule inunue chumvi iliyofungwa yenye alama hiyo, iifunike isipigwe na jua, na mpishi aitie chakula kikikaribia kuiva.

5. Mikono, choo na minyoo

Chakula kizuri kikiliwa kwa mikono michafu ni sawa na kumwaga maji katika mtungi uliotoboka. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mafanikio yake yalitokana na jambo moja: kila kikundi kilipomaliza kusikiliza kiliulizwa, "Sasa sisi tutafanya nini wiki hii?" Shule zetu zahitaji swali hilohilo leo.

Kunawa mikono hakuhitaji bomba. Chukua dumu la lita tano, litoboe tundu dogo karibu na mdomo, litundike katika kijiti kati ya nguzo mbili, ufunge kamba toka mdomo wa dumu hadi kijiti cha chini cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu huinama na maji hutiririka. Mikono haigusi chochote ila maji na sabuni. Hiki ndicho kibuyu chirizi. Darasa lolote laweza kukitengeneza kwa siku moja. Kiwekwe pawili: mlangoni mwa choo na mahali pa kulia chakula. Sabuni itobolewe na kufungwa kwa kamba isichukuliwe.

Kuhusu choo, kanuni ya nchi ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 200 na wavulana 200 yahitaji matundu 10 upande wa wasichana na 8 upande wa wavulana. Nenda ukahesabu ya shule ya mtoto wako, kisha useme katika mkutano wa kijiji.

Minyoo ya safura huingia kwa nyayo zinazokanyaga udongo uliochafuliwa, kisha hunyonya damu tumboni. Minyoo mingine huingia kwa mdomo. Dawa za minyoo zitolewazo shuleni ni salama na zafaa. Mzazi asimfiche mtoto siku hiyo, bali ahakikishe amekula kabla ya kumeza. Lakini dawa bila choo ni kazi bure, maana minyoo hurudi.

Yupo mdudu mwingine ambaye lazima nikuonye juu yake, naye ni tegu wa nguruwe, anayepatikana katika nyanda za juu za kusini. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha watu hupata malengelenge ya tegu nyamani. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva, tegu hukua tumboni mwake na kutoa mayai pamoja na kinyesi. Mpaka hapa Mwislamu atasema, "Hilo halinihusu." Lahasha! Mayai hayo yakifika katika maji, katika mboga isiyooshwa, au katika mkono wa mpishi mwenye tegu, humwingia yeyote yule, hata asiyepata kuonja nguruwe maisha yake yote. Yakiisha kumezwa, hutoa viluwiluwi ambavyo huweza kufika kwenye ubongo, navyo huleta kifafa. Kwa hiyo usafi wa choo cha jirani yako ni usalama wa kichwa cha mwanao. Nguruwe wa majirani wafungiwe bandani, na kila nyumba, ya Mkristo na ya Mwislamu, iwe na choo kinachotumika.

Nami naomba uelewe jambo hili pia: kifafa si pepo wala si laana, wala hakiambukizi kwa mate au povu. Mwanafunzi akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu chochote mdomoni, na umngoje azinduke. Kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa zipo, na wengi wakizitumia bila kuacha huweza kusoma kama wenzao. Kumfukuza shule mtoto huyo ni dhuluma.

6. Mambo ya wasichana

Kwa sababu ya haya, jambo hili halisemwi, na kwa kuwa halisemwi, wasichana hukosa shule siku kadhaa kila mwezi. Hedhi si ugonjwa wala aibu; ni kanuni aliyoiweka Muumba. Shule iwe na chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani, maji, na mahali pa kutupia. Awepo mwalimu wa kike ambaye msichana aweza kumwendea. Mama naye amweleze binti yake mapema, ili asije akatishika siku ya kwanza akadhani ameumia.

Tena ipo chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa mara moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uvumi ya kuwa chanjo hii huwafanya wasichana wawe tasa hauna ukweli. Saratani yenyewe ndiyo inayowanyang'anya watoto mama zao.

7. Baridi, moshi na hofu

Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya Ufipa huuma, na watu hufunga milango na madirisha huku moto ukiwaka ndani. Moshi huo huumiza macho na mapafu ya watoto. Jikoni pawe na tundu la kutolea moshi, na darasani madirisha yafunguliwe, kwani hewa nzito ndiyo njia ya kifua kikuu na mafua. Kinga ya baridi ni sweta, si dirisha lililofungwa. Na mtoto wa uwandani anaposhuka na wazazi kwenda kwenye uvuvi ziwani alale katika chandarua. Aliyekulia penye mbu wachache mwili wake haujazoea malaria, na akiugua huenda akazidiwa upesi.

Tangu mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani limefundisha ya kuwa afya si kutokuwa na ugonjwa tu, bali ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha pamoja na watu. Mtoto anayekwenda shule akitetemeka kwa kuogopa fimbo, matusi au wenzake wanaomdhihaki si mzima, hata kama amekula akashiba. Nidhamu ni lazima, lakini hofu si nidhamu.

8. Dini yatusaidiaje

Sasa waona, ndugu msomaji, ya kwamba mengi ya haya si mageni kwa Mwislamu. Wudhu huanza kwa kuosha mikono, kisha kinywa, pua, uso na mikono hadi viwiko, na humalizika kwa miguu; na hayo hutangulia sala tano za kila siku. Mtume Mtukufu s.a.w. aliuhimiza sana mswaki. Kuhusu chakula, Kurani Tukufu haikuishia kwenye neno halali. Imeongeza ya kuwa chakula kiwe kizuri, chenye kufaa. Mahindi yaliyoota ukungu hayakukatazwa kwa jina, lakini hayawezi kuitwa mazuri. Na saumu, pamoja na ubora wake mkubwa, haikufaradhishwa juu ya mtoto ambaye hajabaleghe, wala juu ya mgonjwa mpaka apone. Mzazi anayemlazimisha mtoto dhaifu wa darasa la tatu afunge mwezi mzima amempa mzigo ambao Mwenyezi Mungu hakumpa.

Lakini tahadhari: wudhu bila choo nyumbani, na mahubiri ya usafi penye msikiti ulio na mtaro mchafu, ni ushuhuda dhidi yetu. Anayechunguza dini hutazama kwanza mikono yetu, ndipo asikilize maneno yetu.

9. Jibu kwa wanaopinga

Wapo wazee wasemao, "Sisi tulisoma bila uji wa shule, na tukafaulu." Ni kweli, waliofaulu wapo na wanasema. Lakini wale walioacha shule darasa la nne kwa uchovu, na wale waliozikwa kwa kuhara, hawapo mkutanini ili watoe ushahidi wao. Tusiwapime watoto wote kwa wale wachache waliookoka.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa mzazi, peleka debe lako mavuno yanapoingia, kabla ya mnunuzi hajafika na fedha zake. Ukiwa mwalimu, kula chakula kilekile wanachokula wanafunzi wako, nacho kitapikwa vizuri. Ukiwa mjumbe wa kamati, andika kila debe lililoingia na lililotoka, ulisome daftari hilo mbele ya watu. Michango mingi hufa kwa kukosa hesabu, si kwa kukosa mahindi. Ukiwa mwanafunzi, nawa mikono, na mfundishe mdogo wako. Ghala la Ufipa Mwenyezi Mungu amelijaza. Kilichobaki ni hatua chache toka ghalani mpaka kwenye kikombe cha mtoto, na hatua hizo ametuachia sisi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watoto wengi hudumaa katika nchi yenye chakula kingi? Taja sababu nne.
2. Afya ya msichana aliye shuleni yahusianaje na afya ya mtoto atakayezaliwa baadaye?
3. Piga hesabu: shule yenu ina wanafunzi wangapi, na ingehitaji madebe mangapi ya mahindi na maharage kwa mwaka?
4. Mtu asiyekula nguruwe aweza kupataje madhara ya tegu wa nguruwe? Afanye nini kujikinga?
5. Shule iliyo karibu nawe ina matundu mangapi ya choo na vibuyu chirizi vingapi? Wewe utafanya nini wiki hii?